Geuza Nione Chini

Jumatano moja ya mwezi wa pili nilipiga picha kabati la droo nikamtumia baba Tanga.

Kabati lilikuwa la mahogani: droo mbili fupi juu, tatu ndefu chini, miguu mifupi, vishikio vya shaba vilivyolainika kwa kushikwashikwa. Lilisimama katikati ya ghala la mnada hapa Leeds ninapofanya kazi, namba ya karatasi imebandikwa ubavuni, likisubiri Jumamosi. Kazi yangu pale haina makuu. Naingiza vitu vya waliokufa, natoa vitu vya walionunua. Lakini siku ile jua la dirishani liliipiga mbao ikawaka kama chai ya rangi kwenye glasi, nikasema hili lazima mzee alione. Ameshika randa miaka arobaini na tano. Nilitaka ashangae.

Jibu lilikuja kwa sauti. Nyuma yake nasikia adhana ya alasiri na bodaboda inayogoma kuwaka.

"Marahaba, mwanangu. Nimeliona. Sasa geuza nione chini."

Sikuwa na nafasi ya kugeuza kitu, msimamizi alikuwa anapita. Nikamwandikia kwamba katalogi inasema ni mtindo wa Chippendale, miaka ya 1780 hivi, na kwamba hilo ndilo jina kubwa kuliko yote katika samani za Kiingereza. Ikaja sauti nyingine, ya sekunde nne.

"Huyo Chippendale alikuwa na mikono mingapi?"

Nilicheka. Nikaendelea na kazi.

Wiki sita sasa, swali lenyewe halijanishuka kooni.

## Mtoto wa seremala

Kwa tunaoishi huku kaskazini, Chippendale ni mtu wa jirani. Mji wake ni Otley, safari fupi ya basi kutoka Leeds. Alibatizwa huko tarehe 5 Juni 1718, baba yake seremala, ukoo wake maseremala. Jumapili moja nilikwenda kuitazama sanamu yake, nikanunua chai, nikarudi. Sikupata jibu lolote la maana, ila nilijisikia fahari ambayo hainihusu. Mtoto wa seremala kawekewa sanamu! Kwetu sanamu ni za wanasiasa na wanyama.

Kilichomtoa lakini hakikuwa randa. Kilikuwa kitabu.

Mwaka 1754, akiwa na warsha St Martin's Lane, London, alichapisha kitabu kikubwa cha michoro ya samani, kurasa 160 za picha za viti, vitanda, makabati na meza. Wanunuzi walijiandikisha kabla hakijatoka: mabwana wenye vyeo, na mafundi wenzake pia, waliotaka kujua mabwana wanataka nini. Mwaka uliofuata kikachapishwa tena, na mwaka 1762 kikatoka toleo la tatu lenye michoro 200. Kabla yake mitindo ya Uingereza ilibeba majina ya wafalme na malkia. Samani za Elizabeth, za James, za William na Mary, za Malkia Anne. Yeye ndiye aliyewatoa wafalme kwenye kiti akakaa mwenyewe.

Sasa rudi kwenye mikono. Mwaka 1755 warsha yake iliungua, na kati ya vilivyoteketea yametajwa masanduku ya zana ya mafundi 22. Nililisoma hilo usiku kitandani, nikaketi. Mafundi ishirini na wawili ni mikono arobaini na minne, bila kuhesabu wachonga nakshi, wapaka dhahabu, washona vitambaa na vijana wa kuchemsha gundi ambao huenda hata sanduku hawakuwa nalo. Wa kwake binafsi? Hakuna kiti hata kimoja kinachoweza kuthibitishwa kwamba Chippendale alikikata kwa mkono wake. Alichora, alitafuta wateja, alisimamia, na sehemu kubwa ya maisha yake alidai.

Hapo kwenye kudai ndipo nilipompenda. Bwana mmoja tajiri wa Nostell, Sir Rowland Winn, alimtumikisha kwa miaka, akimfokea kwa kuchelewesha kazi huku yeye akichelewesha malipo, na barua za fundi za kuomba alipwe zipo mpaka leo. Mwaka 1769 forodha ilimbana kwa kuingiza viti 60 vya Kifaransa ambavyo havijamaliziwa, thamani ameitaja ndogo ajabu. Ukiwahi kusimama bandarini na makaratasi mkononi huhitaji maelezo zaidi. Alikufa 1779 kwa kifua kikuu, bila utajiri wa kumtosha mtu mwenye jina lile.

Wenzake wawili wanaotajwa naye kila mara, Hepplewhite na Sheraton, ni maajabu zaidi. Kitabu cha Hepplewhite kilitolewa na mjane wake, Alice, mwaka 1788, miaka miwili baada ya mwenyewe kuzikwa. Sheraton naye alitoa kitabu cha michoro, alihubiri, akafa maskini London mwaka 1806. Kwa wote wawili hakuna samani inayojulikana kwa uhakika kuwa imetoka mikononi mwao.

Majina matatu makubwa, vitabu vitatu.

## Ijumaa jioni

Wenzangu walipoondoka, nilizitoa droo zote tano nikazilaza kifudifudi kwenye blanketi. Kisha nikaliinamisha kabati lenyewe ukutani.

Mbele, mahogani. Ukivuka sentimita mbili tu, utajiri umekwisha. Mbavu za droo zilikuwa za mwaloni, nyembamba. Mgongo wa kabati ulikuwa msonobari mtupu, haujaguswa na randa, na juu yake mikwaruzo ya msumeno ilikuwa imenyooka. Msumeno wa duara wa mashine huacha alama za upinde. Hizi zilikuwa za msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mmoja shimoni chini yake akila unga wa mbao, kama wapasuaji niliowaona utotoni njia ya kwenda Lushoto. Mahali fulani mikwaruzo ilikuwa imesongamana, kisha ikaachana tena. Pale mtu alichoka.

Chini ya droo ndefu palikuwa na mifereji miwili iliyolika. Miaka mia mbili na ushei ya mtu kutafuta soksi asubuhi.

Na pembeni, yale meno. Fundi yeyote anayejua anachofanya huunga droo kwa meno yanayoumana, yaliyopanuka nchani kama mkia wa njiwa, ili ukivuta kwa mbele yasichomoke. Meno haya yaliwahi kufikishwa barazani. Vyama viwili vya mafundi wa mbao vya Jiji la London viligombania kazi, na mwaka 1632 Baraza la Wazee wa Jiji lilikaa kuamua nani afanye nini. Wale wa kuunga walipewa gundi, ulimi na tundu, na meno. Wale wengine waliachiwa mbao za kupigilia misumari. Sisi wote hao tunawaita maseremala na tunawaletea kochi bovu walirekebishe, lakini kule mtu aliweza kushtakiwa kwa kutumia gundi isiyo ya chama chake.

Nyuma ya droo ya tatu, kwa penseli, palikuwa na namba 3. Mkono wa mtu asiye na haraka.

Nilituma picha kumi na nne.

"Hapo sasa tunaongea," baba akasema asubuhi. Sauti yake ilikuwa na furaha ambayo sijaisikia tangu Simba wapigwe mara ya mwisho. Akanieleza kwamba mbele ya kabati ni barua kwa mteja, na chini ni barua kwa fundi mwenzio atakayelifungua siku moja. Akasema gundi ni ya kuchemsha, ya ngozi au mifupa, kwa sababu imepasuka kama ukoga. Akasema mgongo wameuacha mbaya makusudi, "maana ukuta hauna macho." Kisha akanyamaza kidogo.

"Huo mti wa mbele. Huko kwao haumo. Wameutoa wapi?"

## Mti wa kuja

Wanahistoria wa samani za Kiingereza wameigawa hadithi nzima kwa miti, na mimi nauona mgawanyo huo una akili kuliko ule wa wafalme. Kwanza mwaloni, mzito, wa kwao wenyewe, unaopasuliwa ungali mbichi na kukazwa kwa vigingi. Baada ya Mfalme Charles II kurudi kutoka uhamishoni mwaka 1660 na mambo ya Ulaya bara mikononi, ikaja zamu ya mjozi (walnut kwa Kiingereza), uliokatwa kuwa ganda jembamba na kubandikwa juu ya mti wa bei rahisi. (Ndiyo, vinia. Anayekwambia vinia ni udanganyifu wa siku hizi za plaiwudi mwambie ni udanganyifu wa kifalme wenye miaka mia tatu na zaidi.) Kisha baridi kali ya 1709 ikaua mijozi mingi barani Ulaya, na mwaka 1720 Ufaransa ikafunga mlango wa kuuza nje iliyobaki.

Mwaka 1721 Bunge la Uingereza likaondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Amerika. Sababu kubwa ilikuwa meli. Lakini Jamaica ilikuwa koloni, na Jamaica ilikuwa na mahogani.

Sisi tuna ndugu wa mti huo. Mkangazi ni wa ukoo uleule, ndiyo maana wafanyabiashara huuita mahogani ya Afrika. Mwarobaini nao umo humo, ukitaka kujua, japo hakuna aliyewahi kujivunia kabati la mwarobaini. Mahogani ya Jamaica ilikuwa pana, haina mafundo, haiogopi wadudu, na ilikubali patasi kama sabuni. Vile viti vya Chippendale vyenye migongo ya nakshi iliyotobolewa kama lesi, usingeweza kuvikata kwenye mwaloni vikabaki na nguvu. Kwa hiyo ukiniuliza mtindo ule ulitoka kichwani mwa nani, siku hizi nasema nusu yake ulitoka kwenye mti.

Jamaica ikakatwa mpaka miti ya karibu ikaisha. Shoka zikahamia pwani ya Ghuba ya Honduras, nchi tunayoiita leo Belize.

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoacha kulala vizuri.

Katika kila kundi la wakataji alikuwapo mtu mmoja aliyeitwa mwindaji. Hakuwinda nyama, aliwinda miti. Mahogani haioti pamoja kama mikaratusi, hutawanyika, mmoja hapa, mwingine mbali. Mwezi wa nane, majani ya mahogani yanapogeuka rangi ya wekundu na manjano, mwindaji alikata njia yake peke yake hadi mahali palipoinuka, akapanda mti mrefu kuliko yote, akatazama juu ya bahari ya majani. Macho yake yalitenganisha rangi ile na nyingine zote. Kisha alishuka na kuufuata kwa kumbukumbu, bila dira. Mavuno ya kundi zima kwa mwaka yalining'inia kwenye macho ya mtu huyo.

Mtu huyo alikuwa mtumwa.

Waliokuja nyuma yake walijenga jukwaa la fito kuzunguka shina, mita tatu na zaidi kutoka ardhini, juu ya mizizi iliyotanuka kama kuta, wakasimama pale na shoka. Kiangazi kilipokolea magogo yalivutwa na maksai hadi mtoni, na yalivutwa usiku kwa mwanga wa mienge kwa sababu jua la mchana lingewaua wanyama. Wanyama ndio waliohurumiwa. Mvua za mwezi wa sita zikija mto ukafurika, magogo yakaelea, watu wakayafuata kwa mitumbwi hadi baharini. Bendera ya Belize mpaka leo ina mti wa mahogani na wanaume wawili, mmoja kashika shoka, mwingine kashika kasia. Chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini yenye maana kwamba kivulini nastawi.

Nilirudi kuitazama picha ya kabati kwenye simu. Uso wa kila droo ulikuwa ubao mmoja mpana, hauna kiungo. Ubao wa namna hiyo hautoki kwenye mti mdogo.

## Basi namba 36

Ukitoka Leeds kwa basi la 36 unashuka kwenye lango la jumba la Harewood. Nyumba yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1759 na Edwin Lascelles, ambaye fedha za familia yake zilitoka Barbados: sukari, watumwa, na mikopo kwa wenye mashamba ya sukari na watumwa. Na samani zake alimpa mtoto wa Otley. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata Chippendale.

Kuna kabati moja humo, la mwaka 1773, lenye sura za Diana na Minerva, miungu wa kike wa Warumi, zilizopachikwa kwa vipande vya miti ya rangi mbalimbali na pembe. Lilitozwa pauni 86. Nilisimama mbele yake muda mrefu hadi mlinzi, mama mmoja mpole, akaniuliza kama niko sawa. Nilikuwa sawa. Nilikuwa natafuta namna ya kuona chini yake bila kupiga magoti kwenye zulia la watu.

Sitasema si zuri. Ningependa lingekuwa baya, ingekuwa rahisi. Ni zuri kiasi kwamba mkono unainuka wenyewe kutaka kuligusa.

Usiku ule nilirudi na kuandika maneno elfu moja na mia nane kwa mkupuo. Makala ya hasira. Wachoraji waliwaiba mafundi majina, mabwana waliwaiba wachoraji jasho, na nyuma ya wote kuna mtu juu ya mti Honduras anayetafuta rangi ya majani, asiye na kitabu wala sanamu. Niliona nimemaliza. Nikampigia baba nimsomee.

## "Na meza ya sebuleni?"

Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Vizuri," akasema. "Na ile meza ya sebuleni kwetu, nani kaitengeneza?"

"Wewe, Baba."

"Peke yangu?"

Nikakaa kimya, kwa sababu niliiona karakana. Ngamiani, bati la moto, redio ya mkulima, vijana watatu, wakati mwingine wanne. Mmoja wa kupasua, mmoja wa randa, mmoja wa kupiga vanishi. Mimi nilikuwa wa msasa. Nilisugua miguu ya vitanda tangu darasa la tatu mpaka vidole vikapoteza alama, na kila kitanda kilichotoka pale mtaa mzima ulikiita kwa jina la baba. Harusi ikitangazwa watu wanasema, "Wamechukua kitanda cha fundi fulani." Fulani ni yeye. Hakuna aliyewahi kusema kitanda cha fulani na wenzake.

"Mimi nilichora," akaendelea, wala hakukasirika. "Nilitafuta mninga mpaka Handeni. Nilipigwa chenga na wateja. Nililipa pango miezi ambayo hakuna aliyenunua hata stuli. Hiyo si mikono? Usimfanye huyo mzungu wako mwizi kwa sababu hakushika msumeno. Siku ukiwa na vijana ishirini utajua kama una muda wa kushika msumeno."

Nilitaka kujibu, hakunipa nafasi.

"Lakini vijana wangu kila Ijumaa nililipa. Kidogo, nililipa. Na aliyechoka aliondoka. Hao wa msituni alilipa nani? Waliondoka kwenda wapi? Umeweka watu wote kwenye gunia moja. Wafungue."

Nilifuta zaidi ya nusu.

Sijui niseme nini kuhusu kurekebishwa na mtu ambaye hajawahi kusikia jina Chippendale kabla ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimesoma wiki nne. Yeye aligeuza tu kitu akaangalia chini.

## Vitabu viwili vya 1788

Baada ya hapo nilianza kusoma kwa namna nyingine, nikitafuta Ijumaa. Nani alilipwa, kiasi gani, kwa nini.

Ndipo nilipokutana na kitabu ambacho sasa nakipenda kuliko vile vya majina makubwa. Mwaka uleule 1788 ambao Alice alitoa michoro ya marehemu mumewe, mafundi wa kulipwa wa London walitoa kitabu chao wenyewe. Ni kitabu cha bei. Bei zenyewe hazimhusu mteja, ni za kazi ya mkono. Kinataja kabati la kawaida na ujira wa kulitengeneza, kisha kinaanza kuongeza: ukitaka droo zaidi, peni kadhaa, ukitaka mstari wa mti mwingine upachikwe ukingoni, peni kadhaa, ukitaka uso uwe wa mbinuko, hesabu nyingine. Kurasa kwa kurasa. Kila pindo la mtindo ambalo bwana mchoraji alilitia kwa wino kwa dakika mbili, hapa limegeuzwa kuwa saa za mtu na kupewa thamani.

Nimesoma mashairi yaliyonigusa kidogo kuliko orodha ile.

Maana yake ni kwamba walikuwapo, walijua kusoma na kuhesabu, walikaa wakakubaliana, wakamwekea mwajiri karatasi mezani. Hawakuwa vivuli. Ukilitazama kabati langu la mnada kwa macho ya kitabu kile, kila meno, kila kishikio, kila kitasa kilikuwa na mtu aliyesema: hii ni kiasi fulani.

Wengine hawakuwa na kitabu, ila nao wana hesabu yao. Katika misitu ya vilima vya Chiltern, karibu na mji wa High Wycombe, walikuwapo wanaume walioishi kwa kukereza miguu ya viti. Miguu tu. Walikata mti wa bichi (mti, si ufuo), wakaukereza hukohuko porini ungali mbichi, kwa kerezo la kukanyaga lililovutwa na mti mchanga uliopindwa juu kama upinde, wakaipanga miguu ikauke, wakaiuza mjini kwa furushi za 144. Mjini mtu mwingine alichonga kikalio kwa tezo, mwingine akapinda mgongo kwa mvuke, mwingine akaunganisha. Katika miaka ya 1870 mji ule ulikuwa ukitoa viti 4,700 kwa siku. Wengi wa wale wa porini waliishi na kufa wakitengeneza viti bila kutengeneza kiti.

Ujanja wao mmoja baba aliupenda sana. Ulimi wa kiungo uwe mkavu kuliko kikalio unachoingia. Kikalio kinapoendelea kukauka hujibana na kuukamata, na kiti kinazidi kukaza kadiri kinavyozeeka. "Hiyo tunaijua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake uwanja wa ndege.

Washabiki wa ligi za Uingereza, mnaijua Wycombe Wanderers? Jina lao la utani ni Vijana wa Viti. Ni timu pekee ninayoijua inayoshangilia karakana, na tangu mwezi wa tatu nimeanza kuifuatilia matokeo, kwa siri, maana nyumbani kwangu timu ni Liverpool.

## Pauni sabini

Sijasema kabati liliishia wapi.

Liliuzwa ile Jumamosi ya kwanza, kabla sijasoma lolote kati ya haya. Samani za kahawia, ndivyo madalali wanavyoziita, zimeshuka bei miaka ishirini hii; nyumba ni ndogo, watu wanataka vyeupe. Nyundo iligonga kwenye pauni 70, pungufu ya kabati jipya la unga wa mbao uliogandishwa ambalo utalifunga mwenyewe kwa funguo ya kupinda. Walionunua ni vijana wawili, mke na mume, wachangamfu. Nikawasaidia kupakia kwenye gari. Mke akaniambia watalipaka rangi ya kijivu, litakuwa la mtoto. Nilitaka kuwaambia kitu, sikujua kitu gani. Nikawaambia wasibandike chochote nyuma ya droo ya tatu. Walinitazama, wakacheka, wakaondoka.

Nilipomwambia baba bei, hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama mtoto mwenyewe keshazaliwa.

Wiki iliyopita alinitumia picha bila maneno. Ilinichukua muda kuelewa naangalia nini: vumbi, utando wa buibui, ubao wa mninga usiopigwa vanishi. Ilikuwa chini ya meza ya sebuleni. Mzee wa miaka sabini na moja amelala chali sakafuni na simu. Katikati ya ubao, kwa penseli ya seremala, kulikuwa na vipimo vitatu na herufi mbili, H na M. Si mwandiko wake. Wala si wangu.

Nikampigia. Akasema ni wa kijana mmoja aliyekuwa akipiga randa, mtu wa Korogwe, mwenye mkono mzuri kuliko wote, aliyekwenda Mombasa na hakurudi. Hamisi. Mimi ninayejidai kutafuta mafundi wa London wa 1788 simkumbuki kabisa, na lazima tulikula naye sahani moja.

"Hiyo M ni ya nini, Baba?"

Akafikiri. Nilisikia kiti chake kikilia.

"Mama yako angejua," akasema.

Jana usiku nikamwandikia: Hamisi alikaa kwetu miaka mingapi? Tiki mbili za buluu zimetokea. Bado hajajibu.